Mama Hodi na Simu ya Kila Asubuhi

Jumatano, tarehe 28 Mei.

Naahidi kueleza yote. Mama Hodi mwenyewe ndiye aliyenitaka niahidi, akanishika mkono na hakuuachia mpaka niliposema ndiyo.

Keshokutwa, Ijumaa tarehe 30 Mei, Mama Hodi anastaafu baada ya kuitumikia ofisi hii ya simu za wagonjwa kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenu ninyi ni Mama Hodi. Kwangu mimi ni bibi, mama mzazi wa mama yangu, nami naishi naye tangu nilipokuwa darasa la pili. Kwa kawaida wasifu wa mstaafu katika jarida hili huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Mkuu wa kitengo alipouliza nani ataandika huu, bibi alisema, "Mkiandika ninyi mtanipamba kama biharusi. Mpeni mjukuu wangu. Yeye huniona usiku nikiwa nimeyavua meno." Watu walicheka, lakini yeye hakuwa akitania.

Wengi wenu mnajua kwamba kila asubuhi ya kazi, kabla ya kufanya lolote lingine, bibi hupiga simu moja kwenye karakana ya seremala. Kuanzia Jumatatu simu hiyo haina mpigaji. Nimeandika wasifu huu wote nikiwa na jambo hilo moyoni, na ni vizuri mjue mapema.

Bibi aliajiriwa akiwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye mama yangu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa opereta wa swichibodi, ubao mkubwa wenye matundu na waya za kuchomeka. Mgonjwa akipiga, taa inawaka, bibi anachomeka waya na kuuliza, "Hospitali gani, mwanangu?" Fundi waya, ambaye nyote mnamwita Kebo, aliniambia kwamba bibi alikuwa akiwatambua wapigaji kwa pumzi tu. Mtu akihema, yeye tayari anajua ni yule mwenye pumu wa mtaa wa nyuma, anamuunganisha na zahanati yake kabla hajatamka neno. Nilimuuliza bibi kama ni kweli. Alisema, "Kebo hutia chumvi hata kwenye maji ya kunywa. Nilimtambua mmoja tu. Na huyo alikuwa akipiga kila siku."

Halafu zikaja simu za intaneti. Ubao ule uling'olewa, ukaacha ukutani alama nyeupe ya mstatili ambayo bado ipo nyuma ya kabati la mafaili. Maopereta wengi walihamishiwa mapokezi. Bibi aliomba kusoma. Mwalimu wa mafunzo alikuwa wa umri wa mwanawe, na mtihani wa kwanza bibi alifeli. Swali lilikuwa: eleza kinachotokea mtu anapopiga simu. Bibi alijaza kurasa zote kuhusu huyo mtu mwenyewe: ameamka vibaya, anatafuta miwani, amekosea namba, anapiga tena. Muda uliisha kabla hajafika kwenye waya. Mara ya pili alianzia kwenye waya, akafaulu.

Kwa wageni watakaohudhuria Ijumaa na hawajui alikuwa akifanya nini, nitaeleza kama alivyonieleza mimi mezani, kwa kutumia vikombe na vijiko. Katika simu ya intaneti sauti yako hukatwa vipande vidogo vidogo, ikapita kwenye njia ileile inayopitisha picha na barua pepe. Katikati kuna kompyuta inayojua nani yuko wapi, na hiyo ndiyo seva. Ukipiga simu zahanati, seva ndiyo inayoiamsha simu ya zahanati. Seva ikilala, au njia ya kuifikia ikikatika, simu yako haiendi popote, hata kama imejaa chaji na wewe unalia. Ofisi hii ina seva yake, na kila hospitali kubwa ina yake. Kazi ya bibi ilikuwa kuhakikisha kwamba zote zinafikika.

Kwa hiyo hutumwa ujumbe mfupi usio na sauti, ambao haufanyi simu ya mtu yeyote kulia. Ujumbe huo huiuliza seva: upo? Unaweza kupokea nini? Seva iliyo nzima hujibu. Kitabu cha mafunzo kinauita ujumbe wa kupima. Bibi aliuita hodi, na siku hizi ofisi nzima inauita hodi, hata katika ripoti zinazokwenda makao makuu. Programu hupiga hodi kwa kila seva kila baada ya muda mfupi, na kwenye skrini kila seva ina nukta yake. Ya kijani imejibu, ya njano imechelewa, nyekundu imenyamaza. Bibi huwafundisha hivi wafanyakazi wapya: "Mgeni wa kawaida akipiga hodi tatu bila kujibiwa, huenda zake. Sisi tukipiga tatu bila kujibiwa, tunaingia na bisibisi."

Analipenda sana jibu la hapana. Kuna seva ambazo hujibu hodi kwa kukataa: sikufahamu, au swali hilo siliruhusu. Mfanyakazi mpya akiona hivyo hukimbilia kwake akidhani kuna hitilafu. "Aliyenifukuza yuko nyumbani," bibi humwambia. "Mimi namwogopa aliyenyamaza." Nami amenilea vivyo hivyo. Nikinuna, huniambia ni afadhali nimjibu vibaya, ambako adhabu yake ni kuosha vyombo, kuliko kumnyamazia, ambako adhabu yake bado haijatungwa.

Amewahi kuvuka mpaka pia. Mwaka mmoja aliona muda kati ya hodi na hodi ni mrefu mno, akaiagiza programu ipige mfululizo kwenye hospitali moja kubwa. Muda si muda nukta ya hospitali hiyo ikawa nyekundu. Akaongeza hodi. Nyekundu ikabaki nyekundu. Mwishowe fundi wa hospitali akampigia kwa simu ya mkononi. "Mama, ni ninyi mnaotubomolea mlango? Mitambo yetu imewafungia nje. Imedhani ni wezi."

"Sasa mwanangu," bibi akasema, "umeona wapi mwizi anapiga hodi?"

"Ndiyo maana na sisi tumeshangaa, mama."

Wakakubaliana kiasi cha hodi ambacho jirani mwenye adabu anaweza kupiga, na kiasi hicho ndicho kinachotumika mpaka leo.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo mkuu wa kitengo aliniomba nilifikirie mara mbili. Aliniita ofisini kwake, akanivutia kiti, akasema kwa upole, "Binti, hii ni sherehe ya kumuaga mtu. Si kikao cha lawama." Nikamwambia kwamba nimeahidi. Kebo alikuwa juu ya ngazi akibadilisha taa ya dari. Hakuna aliyemuuliza, lakini alisema, "Mwache aandike, bosi. Tukiificha siku ile tutakuwa tunaiaga picha yake." Mkuu akasema, "Basi andika. Ila andika kwa haki." Nitajitahidi.

Ni miaka tisa sasa. Mbele ya seva ya ofisi hii kilikuwa kimewekwa kifaa kipya cha ulinzi, kama bawabu wa getini, kwa ajili ya kuwazuia wahuni wa mtandaoni. Kebo na wenzake walikifunga vizuri. Ila kilikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeiulizia: kikisikia hodi, hakikuipeleka ndani. Kilijibu chenyewe. Asubuhi ile seva ilikuwa imewashwa upya baada ya matengenezo, na haikuamka sawasawa. Hodi zikapigwa. Bawabu akazijibu zote, upesi na kwa adabu, wakati mwenye nyumba amelala fofofo. Skrini nzima ikawa kijani.

Simu hazikulia. Bibi alikuwa zamu. Opereta mmoja alisema, "Mama Hodi, mbona pako kimya leo?" Bibi akatazama skrini. "Kijani kitupu," akasema. "Leo watu ni wazima, tumshukuru Mungu." Wakanywa chai wakiwa wameketi, jambo ambalo chumba kile hakilijui. Mtu akaleta karanga. Bibi anayakumbuka yote hayo, na ya chai ndiyo aliyosisitiza niyaandike, kwa sababu ndiyo yanayomuuma zaidi. Tunafundishwa shuleni kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nikiiandika methali hiyo kwenye insha bila kujua kwamba nyumbani kwetu kuna mtu aliyeusikia mshindo wenyewe.

Ulikuja mchana, kwa miguu. Alikuwa seremala, na vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nywele zake. Hakupaza sauti. Alisema, "Nimekuja kuona mnavyopokea simu." Akabonyeza namba ya dharura mbele ya watu wote, akailaza simu yake mezani. Ilionyesha kwamba inapiga. Chumba kizima kikasubiri. Hakuna simu iliyolia. Bibi ameniambia kwamba aligeuka kutazama skrini kwanza, akaikuta bado ni ya kijani, ndipo akamtazama yule mtu. "Nilitazama kioo kabla ya kutazama uso," alisema. "Na hilo liandike."

Asubuhi ile mke wa seremala alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Mumewe alipiga simu, akapiga, akapiga tena. Mwishowe jirani mwenye pikapu alirudi kutoka sokoni, wakampakia mama pamoja na magunia. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Uchunguzi ulifanyika. Ilionekana kuwa kosa lilikuwa la wengi: waliokifunga kifaa, aliyekipokea, aliyeiwasha seva, na aliyekuwa akitazama nukta. Bibi alipewa onyo, naye hakulipinga. Kifaa kilirekebishwa, na tangu hapo hodi hupigwa mara mbili, moja kwa bawabu na moja kwa mwenye nyumba, na kila moja ina nukta yake. Hospitali zote tunazounganishwa nazo zimeiga utaratibu huo. Katika taarifa za ofisi umetajwa kuwa ndio mchango wake mkubwa zaidi, na ni kweli. Yeye huomba tu usitajwe bila kutaja ulikotoka.

Siku chache baada ya msiba alikwenda karakanani. Kebo alimsindikiza, akabaki kwenye uwazi wa mlango kwa kuwa hakujua aweke wapi miguu yake. Yeye ndiye aliyenisimulia haya, maana bibi huishia kusema, "Nilikwenda." Seremala alikuwa akipiga randa ubao mrefu. Bibi akasimama mbele yake, akasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa zamu siku ile. Seremala hakuacha kupiga randa. Baada ya muda alisema, "Shika hapo." Bibi akaushika ubao upande wa pili. Randa ilikwenda ikirudi, maranda yakimwangukia kwenye viatu, mpaka ubao ukawa laini.

Kisha seremala akasema, "Pole nimepewa nyingi, mama. Kesho asubuhi nipigie, kwa simu zenu zilezile. Nione kama inapita."

Kesho yake akampigia. "Inapita?" "Inapita," seremala akasema. "Sasa kata, mimi nikupigie wewe." Maana kilichokatika siku ile kilikuwa njia ya kuja. Akapiga namba ya dharura, na simu ya mezani kwa bibi ikalia. "Inapita?" "Inapita." Wakakata. Siku iliyofuata bibi alipiga tena, bila kuagizwa na mtu. Hata seremala hakuuliza kwa nini. Imekuwa hivyo kwa miaka tisa, isipokuwa siku za mapumziko, ambazo bibi alijaribu kuja ofisini mpaka mke wa seremala alipoichukua simu mwenyewe na kumwambia, "Mama, Jumapili tuache tulale."

Simu hiyo imefanya kazi ambayo hodi peke yake haiwezi. Asubuhi moja nukta zote zilikuwa kijani, lakini bibi alipopiga hakusikia kitu. Akasema halo, halo, halo. Ukaingia ujumbe kwenye simu yake ya mkononi: "Nakusikia vizuri sana. Wewe ndiye hunisikii. Punguza kelele, nina wateja." Sauti ilikuwa ikipita upande mmoja tu. Hodi haina sauti, kwa hiyo haikuwa na njia ya kulijua hilo. Kebo alilirekebisha tatizo kabla zahanati hazijafungua milango.

Kutokana na yote hayo bibi alianzisha desturi moja ambayo ninyi mnaifuata, pengine bila kujua ilikotoka. Anayemaliza zamu haruhusiwi kuinuka mpaka amtajie anayeingia jambo moja asilokuwa na uhakika nalo. Nukta ziwe zimejaa kijani namna gani, lazima akumbuke moja. Kebo alijaribu kukwepa siku moja, akasema, "Sina uhakika kama mke wangu amepika." Bibi akamwambia, "Hilo nalo lipigie hodi. Haya, la pili?" Wafanyakazi wengi waliopita mikononi mwake sasa wako hospitali mbalimbali, na wawili walinieleza kwamba hata huko makabidhiano ya zamu huenda hivyohivyo.

Bibi alipotibiwa macho ilibidi Kebo apige badala yake. Alinisimulia kwamba jasho lilimtoka kuliko siku aliyopanda mnara kwenye upepo.

"Inapita?" akasema.

"Wewe nani?"

"Kebo."

"Yule mama yuko wapi?"

"Anatibiwa macho."

"Mwambie apone," akasema. "Inapita."

Nimeyaandika mazungumzo hayo kwa sababu yanaonyesha kwamba seremala alimkubali mtu mwingine. Alitaka tu kujua kwamba yuko mtu.

Siku hizi yeye na mkewe wana binti wa miaka sita. Mara nyingine binti ndiye anayepokea, amesimama juu ya kigoda. Nilimsikia mara moja nilipokuwa likizo: "Inapita, bibi, lakini baba anatafuta penseli yake na iko sikioni mwake." Bibi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Wiki iliyopita nilimuuliza mkuu wa kitengo nini kitatokea Jumatatu. Hakunificha. Alinieleza kwamba programu mpya hupiga hodi vizuri kuliko ya zamani, na tena hujipigia simu ya majaribio yenyewe, ikatuma sauti iliyorekodiwa na kuisikiliza ikirudi. Inafanya hivyo mchana na usiku na haiendi likizo. Alinionyesha. Ni kazi nzuri kweli, na bibi mwenyewe ndiye aliyeijaribu na kuipitisha. "Kumpangia mtu kazi ya kupiga simu moja ambayo mashine inaipiga mara elfu, nitaiandikaje?" mkuu aliniuliza. Baadaye, nilipokuwa nimefika mlangoni, alisema, "Lakini akitokea mtu anayetaka kwa hiari yake, sitamzuia. Nitampa muda huo wa asubuhi. Nilichokosa ni mtu."

Jumamosi nilikwenda karakanani. Sikutumwa. Seremala alikuwa akipima mlango, akanisikiliza bila kuacha kupima. Nilimwambia kwamba bibi amefikiria kuendelea kumpigia kutoka nyumbani.

"Apige," alisema. "Nitafurahi sana. Lakini hiyo itakuwa salamu. Haitapita kule."

Ni kweli. Simu ya nyumbani hupita njia nyingine kabisa, haimgusi bawabu wala seva, na hata simu zote za ofisini zikinyamaza, yenyewe itafika vizuri. Bibi analijua hilo kuliko mimi.

"Na hiyo mashine yenu inayopiga simu," seremala akauliza, "inampigia nani?"

"Inajipigia yenyewe, mjomba."

Akaandika kipimo kwenye ubao. "Siikatai," akasema. "Mimi pia nina mashine ya kukata mbao, inakata sawa kuliko mkono. Nikishamaliza napitisha kiganja." Halafu akauliza habari za shule, na kama bibi ataweza kweli kukaa nyumbani bila kugombana na redio.

Bibi hajamwomba yeyote kati yenu. Nilimuuliza sababu tukiwa tunachambua mchele. Alisema, "Nikiwaomba watakubali kwa haya, na jambo la haya halifiki mwezi wa pili." Baadaye alisema pia kwamba ule ulikuwa mzigo wake, na hapendi kumtwisha mtu ambaye siku ile hakuwepo. Hayo ndiyo mawazo yake, nami nayaheshimu. Mimi nafikiri tofauti kidogo. Mtu aliyekuwepo siku ile alianzisha simu hiyo kwa majuto, lakini wanaopona kwa sababu ya simu hiyo hawajui habari za majuto. Aidha, alinitaka nieleze yote. Hakunikataza kuuliza.

Bibi, kwa niaba ya ofisi hii, ambayo imeniazima sauti yake kwa siku chache, nakushukuru. Asante kwa waya ulizochomeka na kwa milango uliyoigonga. Asante kwa wafanyakazi uliowafundisha kusema wasilolijua, na kwa ubao ulioushika. Tunakuombea siku nyepesi, macho yanayoona mpaka ng'ambo ya barabara, na usingizi usiokatizwa na kengele. Ukae nyumbani kwa raha. Na ukituhitaji, upige, namba unaijua.

Na sasa ninyi wenzake. Ruhusa ya mkuu ipo. Kebo angependa, lakini saa hiyo ya asubuhi yuko barabarani kuelekea minarani. Mimi nitakuwa darasani, na hata kama nisingekuwa, simu lazima itoke kwenye dawati lenu. Haihitaji cheo. Inahitaji mtu aketi, apige, asikilize anayejibu, akate, kisha angoje yake ilie. Mtakaposoma haya itakuwa Alhamisi, na mimi mwenyewe ndiye nitakayewaletea jarida hili baada ya masomo. Nitangoja kwenye benchi la mapokezi mpaka mmalize kulisoma, kwa kuwa ningependa kurudi nyumbani na jibu, ili bibi aingie ukumbini Ijumaa akiwa nalo. Jumatatu asubuhi, nani kati yenu atampigia seremala?